Mwongozo kamili wa msimu wa baridi kwa mzazi mwenye mtoto wa shule ya kati Marekani

Kila Januari maswali ni yaleyale. Mtoto amesimama kituoni nusu saa kumbe shule imefungwa. Nesi wa shule amepiga simu, mzazi hakuielewa ile sauti, akakata. Barua ya mahudhurio imefika na maneno makali, ilhali mtoto alikuwa mgonjwa kweli. Na lile linaloniuma zaidi: mtoto aliyekuwa mchangamfu Septemba, ikifika Februari hatoki chumbani, na nyumbani wanasema ni uvivu.

Mwongozo huu ni wa mzazi mwenye mtoto wa darasa la 6, la 7 au la 8, ile shule wanayoiita hapa "middle school". Mifano yangu ni ya Minnesota. Ohio, Maine, Michigan na New York mambo yanafanana sana, lakini pale ninapotaja sheria ya jimbo, ulizia ya kwako. Saa nimeandika za Kiswahili: nikisema saa 1 asubuhi, simu yako itaonyesha 7.

## Andaa hivi kabla Novemba haijaisha

- Namba ya simu unayoipokea kweli, pamoja na namba ya mtu wa pili anayeweza kumchukua mtoto shuleni
- Jina la kuingilia na nenosiri la programu ya shule, yako wewe, si ya mtoto
- Kipimajoto kinachofanya kazi, na betri ya akiba
- Koti zito lisilopitisha upepo, buti za theluji, kofia ya kufuma, glavu jozi mbili
- Fulana na suruali za ndani za poliesta au sufi, angalau mbili mbili
- Fomu ya dawa ya shule iliyosainiwa na daktari, kama mtoto ana pumu au anatumia dawa yoyote mchana
- Chakula cha siku mbili ambacho mtoto anaweza kula bila kuwasha jiko

Kama pesa ya koti haipo, usisubiri. Piga simu shuleni umwombe ofisa wa ustawi wa jamii wa shule. Nguo za baridi ni kitu wanachoombwa kila mwaka na wanajua pa kuzipata. Na kama mnaishi kwa ndugu au rafiki kwa sababu kodi imewashinda, mseme hivyo. Sheria ya McKinney-Vento inawahesabu watoto wa namna hiyo kuwa hawana makazi ya kudumu, na kila wilaya ya shule ina mtu maalumu wa kuwasaidia, hata usafiri wa kwenda shule. Wengi huona aibu kulitaja hili, na aibu hiyo humnyima mtoto haki yake.

## Hatua ya 1: Hakikisha taarifa inakufikia wewe

Anza hapa hata kama mengine yote utayaruka. Shule ikifungwa, taarifa hutumwa usiku au alfajiri, mara nyingi kabla ya saa 12, kwenda kwenye namba zilizoko kwenye mfumo wao. Umebadilisha laini tangu ulipomwandikisha mtoto? Basi taarifa zinakwenda kwa mtu mwingine.

Nenda ofisini mwenyewe, ukiweza, mchana wakati pametulia. Omba mambo matatu: namba yako irekebishwe, lugha yako iandikwe Kiswahili, na iandikwe kwamba unahitaji mkalimani. Usichanganye hayo mawili ya mwisho. Familia nyingi zimejaza kwamba nyumbani wanazungumza Kiswahili, lakini pale pa mkalimani pameachwa wazi, na shule ikadhani Kiingereza kinatosha.

Mkalimani ni bure. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza shule zinazopokea pesa za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya taifa alikotoka, na ndiyo msingi wa huduma hiyo. Ukipiga simu, sema tu: "Swahili interpreter, please," kisha usikate. Unaweza kusubiri dakika kadhaa kwenye ukimya au muziki, hawajakusahau.

Halafu fungua programu ambayo shule yenu inatumia, iwe ParentSquare, TalkingPoints au nyingine. Ingia kwenye mipangilio, tafuta lugha, uone kama Kiswahili kipo. Tafsiri ya mashine husaidia, ila hukosea hasa kwenye haya maneno machache ambayo ndiyo yenye uzito. Yakariri kwa Kiingereza:

"Closed": shule imefungwa siku nzima. Basi haliji.

"Two-hour delay": kila kitu kinasogea mbele saa mbili, pamoja na basi. Lililokuwa linafika saa 1:20 litafika saa 3:20. Kosa la kawaida ni mzazi kumpeleka mtoto kwa gari muda uleule wa kila siku na kumwacha mbele ya mlango uliofungwa.

"Early dismissal": watoto wanarudishwa mapema, huenda saa 6 au saa 7 mchana. Hii ndiyo inayotupata vibaya sisi tunaofanya kazi za zamu, kwa sababu ujumbe unakuja simu ikiwa kwenye kabati la kazini.

"E-learning day": jengo limefungwa lakini masomo yapo, kwa kompyuta. Minnesota inaruhusu hadi siku 5 za namna hii kwa mwaka kwa sababu ya hali ya hewa. Asiyeingia darasani siku hiyo anaweza kuhesabiwa hakuhudhuria.

"After-school activities canceled": masomo yapo, ila mpira, kwaya na masomo ya ziada ya jioni hayapo. Basi la jioni nalo halipo.

*Ukifaulu utaona:* kabla hujatoka ofisini, mwombe karani akutumie ujumbe wa majaribio. Simu ikilia mfukoni mwako pale pale, hatua ya 1 imekamilika. Usiondoke na ahadi.

## Hatua ya 2: Angalia baridi usiku, na uangalie namba sahihi

Vipimo vya hapa ni vya Fahrenheit. 32 ndipo maji yanapoganda. Sifuri ya Fahrenheit ni kama 18 chini ya sifuri kwa vipimo tulivyozoea. Mtoto akikuambia "Mama, leo ni 10 tu," si habari njema.

Namba kubwa kwenye simu si ndiyo unayoitafuta. Chini yake kuna nyingine iliyoandikwa "Feels like", yaani baridi ikichanganywa na upepo, na hiyo ndiyo inayomuumiza mtoto. Sifuri yenye upepo wa maili 15 kwa saa inakuwa sawa na 19 chini ya sifuri kwa Fahrenheit hiyo hiyo, na katika hali hiyo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Watabiri wa hali ya hewa wa serikali wakitoa onyo la "Extreme Cold Warning", ujue kwamba asubuhi shule huenda ikafungwa. Weka simu karibu na kitanda, sauti ikiwa wazi.

Kwa nini usiku? Kwa sababu nguo zilizolowa jana zinahitaji saa za kukauka, na asubuhi hakuna anayetafuta glavu ya pili kwa utulivu.

## Hatua ya 3: Mvalishe kwa tabaka, na ujadiliane naye kama mtu mzima kidogo

Tabaka la kwanza linagusa mwili: poliesta au sufi, libane kidogo. La pili linatunza joto: sweta au flisi. La tatu linazuia upepo na maji: koti lenye kofia yake.

Pamba isiguse ngozi. Pamba hunyonya jasho na hukaa nayo, na mtoto aliyekimbia kulifuata basi anabaki na fulana yenye unyevu katikati ya baridi. Hili linatushangaza, maana tulikotoka pamba ndiyo nguo nzuri.

Soksi moja nene ya sufi inashinda soksi tatu za pamba zilizobanana. Kiatu kikibana, damu haifiki vidoleni, na baridi inaingia haraka. Nunua buti zenye nafasi ya kuchezesha vidole. Glavu zile zenye chumba kimoja kwa vidole vinne zina joto kuliko zenye kidole kimoja kimoja, kwa sababu vidole vinapashana moto.

Sasa tatizo lenyewe. Mtoto wa miaka 12 anaondoka na koti, anafika kwenye kona, analivua, analisokomeza begini, na anaingia kwenye basi na hudi. Ukimuuliza: "Baba, hakuna anayevaa koti, watanicheka." Na ni kweli, utawaona watoto wa Kimarekani wamevaa kaptula kwenye theluji. Kumfokea hakusaidii, atavua tu mbali zaidi. Kilichosaidia wengi ni kumwacha achague mwenyewe rangi na aina, hata kwenye duka la mitumba, ili koti liwe lake. La pili ni mapatano yenye namba: juu ya 25, hudi na koti jepesi vinatosha, chini ya hapo koti zito, zipu juu, chini ya sifuri kofia na glavu hazina mjadala. Namba haimdhalilishi kama amri inavyomdhalilisha.

*Ukifaulu utaona:* jioni, mguse vidole na masikio anapoingia. Vikiwa vya uvuguvugu na fulana ya ndani ni kavu, umevalisha vizuri. Masikio ya baridi kama chuma yanakuambia kofia ilikaa begini.

## Hatua ya 4: Tambua ngozi inayoganda kwenye mwili mweusi

Vipeperushi vingi vya shule vinasema tazama wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tazama badala yake ngozi inayopauka na kuwa kijivu kama ya mtu asiyepaka mafuta, au inayong'aa kama nta. Halafu gusa: inaweza kuwa ngumu, na mtoto hasikii unapomgusa. Pua, masikio, mashavu na vidole ndivyo vinavyotangulia.

Muingize ndani. Vua kilicholowa. Tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya uvuguvugu ambayo wewe mwenyewe unaweza kuweka kiwiko bila kusikia moto. Usisugue, usipake theluji, usimweke karibu na hita au jiko: ngozi iliyokufa ganzi itaungua bila yeye kujua. Rangi na hisia zisiporudi, au yakitoka malengelenge, mpeleke hospitali. Kama anatetemeka sana, anaongea kwa kukokoteza maneno au amechanganyikiwa, piga 911, namba ya dharura.

## Hatua ya 5: Siku ya kufungwa, kama atabaki mwenyewe

Kubaliana naye mapema: nani wa kumpigia, mlango haufunguliwi kwa nani, na atakula nini. Shule za Minnesota zinatoa kifungua kinywa na chakula cha mchana bure kwa wanafunzi wote tangu 2023, kwa hiyo siku ya kufungwa ni milo miwili inayorudi mezani kwako. Ndiyo sababu ya kile chakula cha akiba.

Onyo hili nalisema kwa uzito wote. Umeme au hita ikikatika, makaa yasiwashwe ndani ya nyumba kamwe, wala kwenye gereji. Nyumba za huku zimezibwa kila tundu. Jiko la mkaa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Oveni pia si ya kupashia nyumba. Hita ya umeme ikae mbali na kitanda na pazia, kama mita moja. Hakikisha king'ora cha kaboni monoksidi kinalia unapobonyeza kitufe chake.

## Hatua ya 6: Ameamka hajisikii vizuri. Aende au abaki?

Pima kwanza, mkono kwenye paji la uso hautoshi. Joto la 100.4 Fahrenheit, yaani 38 kwa vipimo vyetu, ni homa. Atabaki nyumbani mpaka zipite saa 24 bila homa na bila dawa ya kushusha homa, na dalili nyingine ziwe zinapungua. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo inayosahaulika: mtoto anapewa Tylenol saa 12 alfajiri, anaonekana mzima, na saa 5 dawa inaisha akiwa darasani.

Akitapika au kuharisha, abaki. Shule nyingi zinataka saa 24 tangu mara ya mwisho. Msimu huu kuna virusi vya norovirus, na dawa ya mikono ya chupa haivimudu. Sabuni na maji ndiyo kinga.

Mafua mepesi na kikohozi kidogo, bila homa, anaweza kwenda. Usimpe mtoto mwenye mafua aspirini. Inahusishwa na ugonjwa wa hatari wa ini na ubongo kwa watoto. Chanjo ya mafua makali (flu) ni ya kila mwaka, na kwa asiye na bima au mwenye Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ipo bure kwa walio chini ya miaka 19 kupitia mpango wa Vaccines for Children.

Sasa simu. Kila siku anayobaki, piga namba ya mahudhurio asubuhi, kabla masomo hayajaanza. Utaisikia sauti ya mashine. Sema jina la mtoto, darasa, na neno "sick". Hata ujumbe wa kuvunjavunja unatosha. Minnesota, mwanafunzi wa shule ya kati akikosa kipindi kimoja au zaidi kwa siku 7 bila sababu inayokubalika, anaweza kuhesabiwa mtoro wa kudumu na suala likafika mahakamani. Mtoto mgonjwa ambaye mzazi hakupiga simu anaonekana kwenye karatasi sawasawa na mtoro.

Dawa zisikae begini, hata za kichwa. Zipelekwe kwa nesi na wewe mwenyewe, kwenye chupa yake, pamoja na fomu. Kwa mwenye pumu, hewa baridi huchokoza kifua, kwa hiyo omba kibali cha yeye kutembea na pampu yake.

*Ukifaulu utaona:* kwenye programu ya shule, siku ile imeandikwa "excused". Angalia jioni hiyo hiyo, si mwisho wa muhula.

## Hatua ya 7: Mwanga, usingizi, chakula

Kwenye ikweta tumezoea saa 12 za mwanga mwaka mzima. Minneapolis mwishoni mwa Desemba wana chini ya saa 9. Jua linatua saa 10 na nusu alasiri. Mtoto anaondoka gizani na kurudi jua likizama. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D, na jua la majira haya halitoshi. Muulize daktari wa mtoto. Kiwango kinachopendekezwa ni IU 600 (kipimo kinachoandikwa kwenye chupa) kwa siku, na si kwamba zaidi ndiyo bora.

Miaka 12 kushuka anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, 13 kupanda 8 hadi 10. Simu ilale sebuleni. Wikendi asilale mpaka mchana, na likizo ya Krismasi isimgeuze popo, maana Januari ataanza upya kama mgeni wa saa.

Kwa familia za Kiislamu: miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Andikia shule mapema kwamba mtoto atafunga, uombe akae maktaba wakati wa chakula cha mchana, na apunguziwe mazoezi makali.

## Hatua ya 8: Usikie moyo wake

Homa tunaipima, huzuni tunaikemea. Kuna hali ya huzuni inayokuja na giza la majira ya baridi na kuondoka masika. Madaktari wanaitambua tangu miaka ya 1980, na inatibika. Haitokani na kudekezwa wala kulogwa. Anayetaka kuombea na aombee, kisha ampeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Tazama mabadiliko yanayodumu wiki mbili au zaidi: analala sana na bado amechoka, anakula vyakula vya wanga bila kiasi au hali kabisa, anakasirika kwa jambo dogo, ameacha kwaya au mpira alioupenda, alama zimeshuka, tumbo linamuuma kila Jumatatu.

Usimkalishe mbele yenu wote na kumuuliza "Una nini wewe?" Atajibu "Sina kitu." Mwulize mkiwa mnafanya jambo: unasukuma chapati, au mko garini, macho mbele. "Naona siku hizi hucheki kama zamani. Shuleni kukoje?" Halafu nyamaza. Akianza kusema, usimlinganishe na shida ulizopitia kambini au kijijini. Shida zako zilikuwa kweli. Lakini akisikia hivyo atafunga mdomo.

Kisha omba miadi na mshauri wa wanafunzi. Wazazi wengi wanaogopa kwamba watoto watachukuliwa. Wafanyakazi wa shule wanalazimika kuripoti wakishuku mtoto anateswa au kutelekezwa, ndiyo. Lakini mzazi anayeomba msaada kwa sababu mwanawe ana huzuni hajamtendea mtoto ubaya wowote. Sisitiza mkalimani mtu mzima. Mtoto asitafsiri kikao kinachomhusu mwenyewe, wala dada yake asitafsiri. Ataficha yale mazito ili akulinde.

Akitaja kufa, kutaka kupotea, au ukaona amejikata, hilo ni la usiku huohuo. Usimwache peke yake. Dawa zote za nyumbani, hata Tylenol, zifungiwe. Piga 988, namba ya msaada kwa mwenye mawazo ya kujiua, bure, saa zote, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Kama hatari iko mbele yako, piga 911.

*Ukifaulu utaona:* unatoka kwenye kikao na vitu vinne vilivyoandikwa: jina la mtu mmoja ambaye mtoto anaweza kumwendea wakati wowote wa masomo, siku ya kikao kinachofuata, jina la kliniki kama amepewa rufaa, na namba ya simu ya moja kwa moja ya mshauri. Kimoja kikikosekana, kaa kwenye kiti mpaka kiandikwe.